Punje Sitini na Siku Mbili

Mimi ni mwalimu wa hesabu, na kwa muda mrefu nilijigamba kwamba katika Kalemie nzima hakuna aliyewahi kunikamata na kosa la kuhesabu. Ndiyo maana mwalimu wa michezo wa shule yetu alipohitaji mtu wa kuhesabu mipira, hakupoteza muda kwa wengine. Alinikuta katika chumba cha walimu nikisahihisha madaftari, akasimama mlangoni na karatasi mkononi.

“Mama,” akasema, “nahitaji mtu ambaye watu wakimpigia kelele hasikii.”

“Umefika,” nikamjibu.

Kijana huyo alizaliwa hapa lakini alikulia ng'ambo ya ziwa, Kigoma, na huko ndiko alikojifunza sofuboli. Aliporudi alikuja na mipira minane, magongo mawili, glavu chache zilizokwisha kuchakaa, na imani kwamba wasichana wetu wangeupenda mchezo huo. Tulimcheka. Wasichana wetu wana nzango yao, ya kurusha miguu na kuimba, na hiyo tulidhani inawatosha. Lakini baada ya miezi michache kiwanja cha nyuma ya shule kilikuwa kinajaa kila alasiri. Vituo vinne vya kukimbilia vilikuwa mifuko ya saruji ya Kabimba iliyojazwa mchanga wa ziwani, na mistari ilichorwa kwa chokaa.

Kwa asiyeujua mchezo, yatosha kusema hivi. Mrushaji anasimama katikati, anauzungusha mkono mzima kuanzia begani, duara kamili, na kuuachia mpira chini ya kiuno. Mpigaji wa upande wa pili anajaribu kuupiga kwa gongo na kuvikimbia vituo kabla mpira haujarudi. Mrushaji akiwa mzuri, wapigaji wanapiga hewa. Sisi tulikuwa na mrushaji mzuri sana, na huyo mrushaji alikuwa binti yangu wa kwanza, mwenye miaka kumi na mitano.

Ile karatasi ya mwalimu wa michezo ilikuwa na sheria mbili tu, alizoziandika mwenyewe kutokana na mambo aliyofundishwa. Ya kwanza: mrushaji asirushe zaidi ya mipira sitini kwa siku. Ya pili: akishafikisha sitini, siku mbili zinazofuata asiguse mpira. Alizisoma mbele ya wazazi, na wazazi wakazipokea kama watu wanaoambiwa wasile samaki. Mzazi mmoja akasimama, akauzungusha mkono wake hewani mara mbili tatu.

“Sasa hii itaumiza nani? Anarusha kwa chini, kama mutu anapanda karanga. Tangu lini kupanda karanga kulivunja mukono?”

Watu wakacheka. Mwalimu wa michezo akangoja wamalize, kisha akasema kwa ile sauti yake ya Kigoma isiyo na haraka: “Papa, bega halijui kama mpira umetoka juu au chini. Bega linajua limezunguka mara ngapi.”

Niliipenda sentensi ile. Nilikwenda nayo nyumbani, nikaisema tena darasani, nikamwambia hata mume wangu siku aliposhuka kutoka Bendera, anakofanya kazi kwenye mitambo ya umeme na kurudi nyumbani mara moja kwa mwezi. Niliisema kwa watu wengi sana kabla ya kuielewa.

Namna yangu ya kuhesabu ilikuwa hii. Nilikuwa na mikebe miwili ya maziwa ya unga. Kabla ya mchezo niliweka punje sitini za mahindi katika mmoja, na kila binti yangu alipouachia mpira, nilihamisha punje moja kwenda mkebe wa pili. Kalamu inadanganya, mtu akikusemesha unaweka alama mbili au unasahau moja. Punje haidanganyi: iko huku au iko kule. Nilikaa kwenye kiti changu cha plastiki nyuma ya mdakaji, mikebe mapajani, kitambaa kichwani, na hata mvua ilinikuta pale pale.

Timu ya kwanza ya wageni ilitoka Kongolo. Walikuwa na mrushaji wa mkono wa kushoto, msichana mwembamba mwenye shingo ndefu, na wapigaji wetu walimwangalia kama watu waliotupiwa mpira kutoka upande usiokuwepo. Lakini sisi tulikuwa mbele kwa pointi mbili. Mchezo ulikuwa unakaribia mwisho, kiwanja kimejaa hadi watu wamepanda ukuta, na mkebe wangu wa kwanza ukabaki mtupu. Nikasimama. Nikanyoosha mkono juu.

“Mama, kaa chini!” wakapiga kelele. “Bado wapigaji wawili tu!”

Sikukaa. Mwalimu wa michezo akamtoa binti yangu, akamwingiza msichana mwingine, na tukafungwa. Jioni ile nilipita sokoni kununua ndakala, dagaa wetu wa ziwani, na muuzaji wangu wa siku zote akanipimia kopo bila kunitazama. Wakaanza kuniita Mama Punje. Nilifurahi, sitaficha. Kuna watu wanaofurahia kupendwa. Mimi naona raha kuchukiwa nikiwa na haki. Tena nilikuwa nimemtoa mtoto wangu mwenyewe, nani angesema nimependelea?

Binti yangu hakununa. Alitembea pembeni yangu akiwa amebeba glavu yake kichwani, akaniuliza tu: “Mama, na kule Kongolo tutaenda kweli?” Kwa sababu mapatano yalikuwa hayo: wao wamekuja kwetu, nasi baada ya wiki tano tutapanda treni kwenda kwao kurudiana. Alikuwa hajawahi kupanda treni. Alikuwa amesikia habari za daraja la reli lililo juu ya Lualaba na alitaka kulivuka akiwa amekaa dirishani. Tangu siku ile hakuna jioni iliyopita nyumbani kwetu bila kutajwa hilo daraja.

Sasa nieleze jinsi nilivyokuwa naziheshimu zile siku mbili za kupumzika, ambazo wasichana wenyewe waliziita repo.

Nyumba yetu ina mimi, yeye na wadogo zake wawili ambao bado hata ndoo ya nusu inawashinda. Mimi natoka shule na mzigo wa madaftari. Siku za mazoezi binti yangu alirudi jua limeshainama, vumbi hadi kwenye nyusi, nami nilimwonea huruma: nilimwacha aoge, ale, asome. Kazi ya siku hiyo haikufanyika, ilingoja. Muhogo mkavu uliongoja kutwangwa ulingoja. Sombe, majani ya muhogo ya mboga, ilingoja. Bido, yale madumu ya maji, zilikaa kavu pale pale mlangoni. Basi siku ya repo ilipofika, mimi nilihesabu kama mwalimu wa hesabu: huku umetoa, kule ongeza.

“Leo hauna mupira?”

“Sina, mama. Niko na repo.”

“Vizuri. Kinu njo kile pale.”

Naye alikwenda. Hakuwa mtoto wa kubishana. Alitwanga muhogo wa unga wa bukari, ugali wetu, wa siku tatu nne kwa mara moja, akachekecha, akarudisha chenga kinuni, akatwanga tena. Akimaliza muhogo, sombe. Akimaliza sombe, robine, kuchota maji bombani. Mimi nilikuwa ndani na kalamu yangu nyekundu, nasikia ule mlio wa mchi, du, du, du, na ulinipa utulivu. Nilijiambia mtoto wangu anapumzika. Wallahi, ndivyo nilivyojiambia. Hakuwa na mpira mkononi, nami sheria ilikuwa ya mpira.

Nyani haoni kundule. Siku moja ya repo nilimkuta mwenzake wa timu akirushiana mawe na watoto wenzake kando ya mto Lukuga, nikamfokea hadi akalia. Nilimwambia anauharibu mkono wake. Nikarudi nyumbani nikiwa nimeridhika, nikapita kando ya kinu ambapo wangu alikuwa analowa jasho, nikamwambia aongeze mwendo, jua linakwenda.

Siku kama kumi baada ya mchezo wa Kongolo nikaanza kuona jambo. Aliusonga bukari kwa mkono wa kushoto. Siku iliyofuata alifagia kwa kushoto. Kisha nikamwona anasukuma mlango kwa kushoto, anajikuna shingo upande wa kulia kwa kushoto, anabeba ndoo kwa kushoto. Kinuni aliushika mchi kwa mikono miwili, lakini ule wa kulia ulikuwa umeegeshwa tu.

“Umekuwa wa kushoto tangu lini?” nikamuuliza.

“Basi tu, mama.”

Nikacheka. Nilijua, au nilidhani najua. Anamwiga yule mwembamba wa Kongolo! Nilikuwa nimewaona wasichana kadhaa wa timu yetu wakijaribu kurusha kwa kushoto baada ya ule mchezo, wanaangusha mpira miguuni pao wenyewe na kucheka. Wangu amelichukua hadi jikoni. Siku mbili za kwanza nilimtania. Siku ya tatu alinipa chumvi kwa kushoto, na mzaha ukaniishia.

Msomaji wa kwetu hahitaji kuelezwa, lakini wako wanaolelewa kwingine. Kwetu mkono wa kushoto una kazi zake, na si kazi za mezani. Ukimpa mtu kitu kwa kushoto umemtukana bila kufungua mdomo. Mtoto hufundishwa hilo kabla ya kufundishwa kuhesabu. Mimi mwenyewe nilichapwa vidole na mama yangu hadi mkono wangu wa kushoto ukajua mahali pake. Kwa hiyo nilipomwona mtoto wangu wa miaka kumi na mitano, aliyelelewa vizuri, ananyoosha kushoto kwa mama yake, sikuona bega. Niliona jeuri. Nikakumbuka ule msemo kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye, nikaamua kutomchelea.

“Mimi si rafiki yako wa uwanjani,” nikamwambia. “Nikiuona tena huo mkono, hutapanda hiyo treni.”

Akainamisha kichwa. “Ndiyo, mama.”

Jumamosi iliyofuata shemeji yangu alifika kutoka Moba kwa boti, na gunia la maharage la zawadi. Huyu ni kaka mkubwa wa mume wangu, Mkristo wa siku nyingi, mtu wa kusali kabla ya kunywa hata maji, na kwa watoto wangu ni papa mkubwa: neno lake ni neno la baba yao. Nilichinja kuku. Nilitandika kitambaa cha meza. Nilimwambia binti yangu avae kitenge kizuri, na kabla ya kumkabidhi jagi la maji nilimtazama usoni kwa muda, kumkumbusha bila kusema.

Akaja na beseni na jagi, akapiga magoti mbele ya papa mkubwa ili amnawishe. Beseni akaliweka chini. Nikamwona akiuangalia mkono wake wa kulia, kwa muda mfupi sana, jinsi mtu anavyomwangalia mwenzake wa safari anayechelewa. Kisha akaliinua jagi kwa kushoto.

Shemeji yangu alikuwa ameshanyoosha mikono. Akairudisha mapajani.

“Mutoto,” akasema, taratibu, “njo vile wanakufundishaka ku masomo?”

Nilihisi uso unaniwaka. Mimi, mwalimu! Mimi ninayesimamisha wanafunzi mstarini kwa kutosalimia! Niliinuka, nikamnyang'anya lile jagi lililojaa, nikalisukumia katika kiganja chake cha kulia, nikamshika kiwiko na kukiinua juu, kwa nguvu, ili papa mkubwa aone kwamba nyumba hii ina adabu.

Sauti iliyomtoka sijawahi kuisikia kwake tangu azaliwe. Haikuwa kilio. Ilikuwa fupi, kama ya mtu aliyekanyagwa gizani. Jagi likaanguka, maji yote yakamwagikia shemeji yangu kwenye suruali, na mkono wa kulia wa mtoto wangu ukaning'inia. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeshaunyanyua wangu kumpiga.

“Mama, acha,” akasema shemeji yangu. Alikuwa amelowa hadi magotini na hakujitazama. “Acha. Huyu mutoto anaumwa.”

Yeye aliyetukanwa ndiye aliyeona wa kwanza. Nilibaki nimesimama na mkono wangu hewani, nikaushusha polepole kwa sababu sikujua pa kuupeleka.

Jumatatu asubuhi tulikuwa kituo cha afya. Muuguzi, mama wa makamo mwenye miwani, alimshika bega, akauinua mkono kidogo, akauzungusha kidogo, akitazama uso wa mtoto wala si mkono. Akaniuliza: “Anafanyaka kazi gani na huu mukono?”

Nikapata mahali pa kusimama. Nikamweleza yote: sofuboli, mipira sitini, siku mbili za kupumzika, mikebe, punje. Nikamwambia nahesabu mimi mwenyewe na haijawahi kuzidi hata mmoja. Nilikuwa naongea haraka, kwa sauti ya darasani. Muuguzi alinisikiliza hadi mwisho, kisha akamgeukia binti yangu.

“Na siku za repo, unafanya nini?”

“Natwanga,” akasema.

“Unatwanga nini?”

“Muhogo. Na sombe. Na maji, nachota.”

Muuguzi alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa koti lake, akaivaa tena. Hakunisema. Ningependa angenisema. Aliandika dawa ya maumivu, akaufunga mkono kwa kitambaa shingoni, akasema wiki sita: asirushe, asitwange, asibebe bido, na baada ya hapo arudi apewe mazoezi ya kuulegeza. Bega limechoka na limevimba ndani, akasema, halijavunjika. Lakini mkiendelea hivi atafika utu uzima hawezi kujisuka nywele.

Wiki sita. Treni ya Kongolo ilikuwa imebakiza mbili na nusu. Tulitembea hadi nyumbani, na mtoto alikuwa analia bila sauti, anajifuta kwa ule mkono wa kushoto, na safari hii sikumwambia aubadilishe.

Alasiri ile nilivua viatu vya shule, nikakivuta kinu kivulini, nikatwanga mwenyewe. Sikuwa nimetwanga muhogo kwa miaka miwili mitatu, tangu yeye alipoweza. Na kwa kuwa mimi ndivyo nilivyo, niliileta ile mikebe yangu. Nilimwita akae karibu, nikamwambia ahamishe punje moja kila mchi unaposhuka. Alinitazama kama mtu anayetafuta mtego ulipo. Kisha akaanza, kwa kushoto.

Punje sitini ziliisha kabla muhogo haujaanza kuvunjika. Vipande vilikuwa bado vikubwa, vinarukaruka kinuni. Akaurudisha mkebe mwanzo. Sitini nyingine. Ya tatu. Mwisho wa ya nne mabega yangu yalikuwa yanawaka hadi shingoni, nikachungulia kinuni, na unga ulikuwa haujajaa hata chekeche moja. Nikaegemea mchi.

“Na bado sombe,” akasema. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa ananisaidia kuhesabu.

Nikakaa chini, pale kwenye vumbi, na nguo zangu za shule.

“Kwa nini haukuniambia?”

Akachezea punje. “Mama, ulikuwa unasema niko napumuzika,” akasema. “Nikakuwa nafikiri njo mimi niko na bega mubaya.” Kisha, akiwa hanitazami: “Tena ningesema naumwa, ungesema nakimbia kazi. Na treni, ungeniondoa.”

Yote mawili yalikuwa kweli. Ningesema anakimbia kazi. Maneno hayo hayo nilikuwa nimewahi kuyasema juu ya mtoto wa jirani, yeye akisikia. Niliona aibu, na haikuwa ile ya mbele ya shemeji. Ile ilikuwa ya uso tu. Nilikuwa nimeufundisha mkono wa kulia kutii na mdomo kunyamaza, kisha nikashangaa kwa nini mtoto hasemi.

“Nisamehe,” nikamwambia. Sikuwahi kumwambia mtoto yeyote neno hilo, wa kwangu wala wa shule. Akasema, “Ndiyo, mama,” kama kawaida yake.

Siku ya treni alitaka kwenda kuwaaga wenzake, nikaenda naye. Alisimama kwenye jukwaa la stesheni na kitambaa chake shingoni, wasichana wakampigia kelele madirishani, wakamwahidi kumletea kitu, sijui nini, maji ya Lualaba ndani ya chupa. Treni ilikawia kuondoka, kama kawaida yake, na alisimama saa zote hizo. Ilipoondoka alipunga mkono hadi behewa la mwisho likapotea. Nilitaka kumwambia kutakuwa na safari nyingine. Sikumwambia, kwa sababu sikuwa na uhakika, na nilikuwa nimechoka kusema mambo nisiyoyajua kwa sauti ya mtu anayejua.

Timu iliporudi niliomba mkutano wa wazazi. Nilisimama na kuwaeleza yote, hata jagi, hata mkono wangu hewani. Kisha nikaomba sheria ya pili iongezwe maneno: siku mbili asiguse mpira, wala mchi, wala bido.

Kelele zilizotokea hazikuwa ndogo kuliko za siku ile ya Kongolo.

“Nani atatwanga sasa?” mama mmoja akauliza. “Mwalimu wa michezo?”

Watu wakaangua kicheko, wakamgeukia. Yeye hakucheka. Alikuwa ameinamia ile karatasi yake, akaigeuza upande wa pili kana kwamba kuna maandishi huko.

“Mimi sijawahi kutwanga,” akasema. “Ndiyo maana sikuandika.”

Hapo wanaume wakaacha kucheka. Mimi sikuwa na udhuru huo. Yeye hakujua, mimi nimetwanga tangu nikiwa msichana mdogo, najua mchi unavyolivuta bega, na bado sikuona. Nililisema hilo pia, kwa sauti. Mwishowe akina mama wanne tukakubaliana kusaidiana: msichana wa mmoja akiwa na repo, wengine tunakwenda na michi yetu kwake. Wengine hawakukubali, na wananung'unika hadi leo kwamba sofuboli imewafanya mabinti kuwa wageni majumbani mwao. Siwalaumu sana. Muhogo haujitwangi.

Wiki sita zikawa nane, nane zikafuatwa na tatu za mazoezi ya kuvuta kamba na kuegemea ukuta. Kisha siku moja ya mchezo, na timu ya shule nyingine ya hapa hapa mjini, mwalimu wa michezo akamruhusu arushe. Alinipa kikomo kipya: mipira thelathini. Kabla ya kuanza nilimwita binti yangu pembeni.

“Hizi punje ni za kwangu,” nikamwambia. “Zikiisha, nitasimama. Lakini wewe ukitaka kusimama kabla yake, simama. Usiniulize mimi.”

Akarusha. Mkono ulizunguka vizuri, si kwa kasi ya zamani, na nilihamisha punje huku nikitazama uso wake badala ya mpira, hata nikaogopa nitakosea. Kwenye mpira wa ishirini na mbili akasimama. Akausugua mpira kwenye sketi yake, akatazama chini, akatazama upande wangu. Tulikuwa nyuma kwa pointi moja. Kisha akanyanyua mkono wa kushoto juu.

“Bado nane!” mtu mmoja nyuma yangu akapiga kelele. Walikuwa wamejifunza kuhesabu nami. “Mama Punje, bado nane!”

Nikazimimina zote nane katika mkebe wa pili, kwa mara moja, wazisikie zinavyolia. Tulifungwa. Muuzaji wangu wa ndakala nitakuwa nimempoteza moja kwa moja.

Shemeji yangu alikuwa kwetu tena Jumapili hiyo, njiani kwenda Bendera kumwona mdogo wake. Chakula kilipokuwa tayari binti yangu alileta beseni na jagi, akapiga magoti. Akalishika jagi kwa mkono wa kushoto. Alinitazama kwanza, na niliona kwamba mkono wa kulia ulikuwa unaweza, umepumzishwa tu, na kwamba alikuwa anangoja nitafanya nini.

Nilibaki kwenye kiti changu. Shemeji yangu akalitazama jagi, akanitazama mimi, akakunja mikono ya shati lake na kunyoosha viganja chini ya maji. Alinawa taratibu, hadi kwenye vifundo, akamshukuru.

Zamu yangu ilipofika, nilimwondolea jagi mkononi. Akashtuka, akarudi nyuma kidogo kwa magoti. Nikashuka kwenye kiti, nikapiga magoti mbele yake mimi mwenyewe, jambo ambalo mama halifanyi kwa mtoto wake kwetu, na papa mkubwa yuko pale pale anaona.

“Leta mikono,” nikamwambia.

Alinyoosha wa kushoto kwanza. Kisha, polepole, akanyoosha na wa kulia, nami nikammiminia.